Dengu na funza wake: siku chache za kupuliza dawa

Jani la dengu lina tindikali. Anayekatiza shamba la dengu asubuhi, umande ukiwa haujakauka, hutoka na suruali iliyolowa majimaji yanayonata, viatu vyake vya ngozi huchakaa kabla ya wakati, na akilamba kidole kilichogusa jani hukutana na uchachu unaokaribia ule wa ukwaju. Uchachu huo hutoka kwenye vinyweleo vilivyofunika jani, shina na hata ganda linalobeba punje. Kila kinyweleo kina tone dogo lenye asidi ya maliki, ileile inayoyapa matofaa mabichi ukali wake, pamoja na asidi ya oksaliki. Nchini India, ambako dengu imelimwa kwa maelfu ya miaka, wanavijiji walikuwa wakitandaza vitambaa vyepesi juu ya mimea usiku na kuvikamua alfajiri ili kupata siki.

Kwa maana hiyo dengu ni zao linalojilinda. Wadudu wengi wanaohangaisha kunde na maharage hawakai juu yake, na orodha ya wadudu wake waharibifu ni fupi kuliko ya ndugu zake wengi wa jamii ya mikunde. Lakini kwenye orodha hiyo fupi yumo mmoja ambaye tindikali haimfukuzi: funza wa vitumba, kwa jina la kisayansi Helicoverpa armigera, yuleyule anayetoboa vitumba vya pamba, nyanya na mahindi machanga. Sehemu kubwa ya fedha inayonunua dawa ya wadudu kwa ajili ya dengu iliyoko shambani hutumika kwa sababu yake.

Tanzania dengu ni zao la mbuga. Kwimba, Misungwi, Shinyanga, Maswa, na upande wa Tabora huko Nzega na Igunga, udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Dengu hupandwa mvua zikielekea ukingoni, kati ya Februari na Aprili, mara nyingi kwenye jaruba lililovunwa mpunga au shamba lililotoka mahindi, na hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. (Msomaji wa Kenya aelewe kwamba ndengu ya kwao, ile ya kijani, Tanzania huitwa choroko. Dengu inayozungumzwa hapa ni ile ya unga wa bajia, yenye punje iliyochongoka kama kichwa cha kondoo dume, umbo lililozaa jina lake la kisayansi, Cicer arietinum.) Mikoa hiyohiyo ndiyo mikoa ya pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichopo Misungwi na kinachojulikana zaidi kwa pamba, kinafanyia kazi dengu pia, na mojawapo ya mbegu bora za dengu nchini inaitwa Ukiriguru 1. Ujirani wa mazao haya mawili una maana kubwa kwa funza: vitumba vya pamba vinapoanza kukauka na kupasuka, dengu ndiyo kwanza inachanua. Nondo hana haja ya kusafiri mbali.

Nondo huyo ana rangi ya majani makavu na huruka usiku. Jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa, mara nyingine zaidi ya elfu, lakini hayatagi kwa mafungu kama wafanyavyo nondo wengine. Huliweka yai moja hapa, jingine pale, juu ya majani machanga na machipukizi ya maua. Yai lina ukubwa wa nusu milimita, jeupe lenye umanjano, na asiyejua anachokitafuta hulidhania punje ya chumvi. Baada ya siku tatu hadi tano hutoka kiwavi asiyefika milimita mbili. Kwa siku za mwanzo hukwangua majani tu, akiacha madoa membamba yanayopitisha mwanga. Hasara yake wakati huo haionekani, na mkulima anayepita barabarani huliona shamba lake likiwa salama.

Akifikia urefu wa milimita saba au nane, mambo hubadilika. Huacha majani, hutoboa ganda, huingiza kichwa na sehemu ya mbele ya mwili, na kula punje huku kiuno na mkia vikibaki nje. Tundu analoliacha ni la duara, safi, kana kwamba limekatwa kwa ncha ya msumari. Akimaliza ganda moja huhamia jingine, na hadi anapoingia ardhini kuwa pupa anaweza kuwa ameharibu maganda 30 hadi 40. Viwavi wa umri huu hubadilika rangi mno, wapo wa kijani, wa kahawia, wa waridi na weusiweusi, wote wakiwa na mistari ubavuni. Wengi hudhani ni wadudu tofauti na kununua dawa tofauti. Wakubwa hufikia sentimita nne. Zaidi ya asilimia 80 ya chakula chote anachokula kiwavi katika maisha yake hukila katika hatua mbili za mwisho, yaani katika wiki ya mwisho au karibu nayo.

Hesabu hiyo inaamua kila kitu kuhusu dawa. Kiwavi wa milimita tano yuko nje, juu ya jani, ngozi yake ni laini na kipimo kidogo cha sumu kinammaliza. Kiwavi wa sentimita tatu ana kichwa ndani ya ganda, mwili wake una uzito wa mamia ya mara wa yule mdogo, na vimeng'enya vya kuvunjavunja sumu vimeshaongezeka ndani yake. Kati ya viwavi hao wawili kuna siku kumi hivi. Mkulima anayepuliza akiwaona wale wadogo hutumia dawa kidogo na kuokoa dengu. Anayesubiri hadi matundu yaonekane kwenye maganda hutumia nyingi na kuokoa kidogo, kwa kuwa punje iliyoliwa hairudi.

Kukagua shamba

Ukaguzi unaanza dengu inapotoa maua, siku 40 hadi 60 tangu kupandwa kutegemea mbegu, na unarudiwa mara mbili kwa wiki hadi maganda yaanze kukauka. Njia rahisi haihitaji kifaa chochote cha dukani. Kipande cha kitambaa cheupe au kiroba kilichochanwa hutandikwa chini ya mimea, mimea ya upande mmoja huinamishwa juu yake na kupigwapigwa kwa fimbo mara kumi, kisha kinachoanguka huhesabiwa. Huanguka vingi: majani makavu, buibui, kunguni wadogo, na viwavi wanaojikunja kama herufi C. Wadogo hutaka macho, kwani hushika kitambaa na kutulia. Pale ambapo mbegu zilimwagwa nyuma ya jembe la ng'ombe na hakuna mistari, fremu ya vijiti vinne yenye mita moja kila upande hufanya kazi ileile. Sehemu kumi zilizotawanyika shambani hutoa picha inayoaminika. Sehemu mbili za pembezoni karibu na njia hazitoshi.

Mtego wa harufu ni msaada mwingine. Ndani yake huwekwa kipira kilicholoweshwa nakala ya harufu ambayo jike huitoa kuwaita madume, na madume wakija hunasa. Mtego hauokoi shamba hata kidogo, jambo ambalo wauzaji wengine hawalisemi kwa sauti kubwa. Kazi yake ni kuonya. Nondo wakizidi kwenye mtego kwa usiku mbili tatu mfululizo, mayai yapo shambani tayari na ukaguzi unapaswa kufanywa karibu kila siku.

Ni funza wangapi wanaostahili kupulizwa dawa? India kipimo kinachotumika sana ni kiwavi mmoja kwa kila mita moja ya mstari. Australia, ambako dengu hulimwa kwa mashine kwenye maelfu ya hekta, wataalamu wamefika mbali zaidi: wamepima kwamba kila kiwavi mmoja kwa mita ya mraba hugharimu takriban gramu mbili za punje, sawa na kilo 20 kwa hekta, au kilo nane kwa ekari. Hesabu hiyo inahamishika popote. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya dengu inauzwa shilingi 1,500. Kiwavi mmoja kwa mita ya mraba atakula dengu ya shilingi 12,000 katika ekari. Ikiwa dawa, maji na ujira wa mpulizaji vinafika shilingi 24,000 kwa ekari, basi kiwavi mmoja hastahili gharama hiyo, wawili wanalingana nayo, na watatu ni sababu ya kwenda kuchota maji. Bei ya dengu ikipanda, funza wachache zaidi wanatosha kuamua. Ikishuka, kama inavyotokea India inapopandisha ushuru wa dengu inayoingia nchini humo, hata shamba lenye funza kiasi huenda likaachwa bila hasara ya ziada. Hapo hajatajwa funza anayekufa mwenyewe. Viwavi wadogo hufa kwa wingi kwa mvua, kwa kuliwa na buibui, na kwa kulana wao kwa wao, kwani funza wa vitumba akimkuta mdogo wake kwenye ganda hamwachi.

Kabla ya kumlaumu funza ni vizuri kuangalia shina. Mche uliolala chini asubuhi ukiwa umekatwa usawa wa udongo umekatwa na sota, kiwavi mnene wa kijivu anayejificha ardhini mchana. Akifukuliwa sentimita chache karibu na mche huo hupatikana amejiviringisha. Mche uliokauka ukiwa umesimama, na mzizi wake una uwazi uliojaa udongo, ni kazi ya mchwa. Lakini mche uliokauka ukiwa umesimama, mzizi ukiwa mzima, na shina likipasuliwa linaonyesha mstari wa kahawia katikati, una ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na ukungu wa ardhini. Mnyauko hauponi kwa dawa ya wadudu, iwe ya bei gani. Ni kosa linalogharimu fedha nyingi mashambani, na chanzo chake ni lugha yenyewe: kila kitu kinachotoka kwenye duka la pembejeo kinaitwa dawa, na mkulima akisema dengu inakufa anapewa dawa.

Ndani ya chupa

Dawa hizi sheria inaziita viuatilifu, na zile za kuua wadudu viuadudu. Kwenye rafu huonekana majina ya biashara kwa makumi, lakini ndani ya chupa hizo mna makundi machache tu ya sumu, na kinachotofautisha kundi na kundi ni mahali linapompigia mdudu.

Kundi linalotumika zaidi ni la pairethroidi: saipamethrini, lambda-saihalothrini, deltamethrini na ndugu zao. Asili yake ni pareto, ua jeupe linalolimwa kwenye nyanda za juu za Kenya na za kusini mwa Tanzania. Sumu ya ua hilo huharibika haraka juani, hivyo wanakemia waliiga umbo lake na kulifanya listahimili jua. Pairethroidi huzuia milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu isifungike; mdudu hutetemeka, huanguka, hufa. Ni rahisi kwa bei na matokeo yake huonekana mkulima akiwa bado shambani. Kasoro zake ni mbili. Huua kila mdudu, wakiwemo wanaokula funza, na huua samaki kwa kipimo kidogo mno, kwa hiyo bomba lililooshewa kwenye lambo la kijiji ni msiba wa lambo zima.

Kundi la oganofosfeti, kama profenofosi na klopirifosi, hukizuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu baada ya kila taarifa kupita. Binadamu ana kimeng'enya hichohicho, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Klopirifosi iliingizwa Mei 2025 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani, huku matumizi machache yakipewa muda. Endosalfani, ambayo wakulima wa zamani wa pamba na kahawa waliijua kwa jina la Thiodan, iliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2011. Chupa yake kuukuu ikionekana chini ya uvungu hadi leo, mahali pake si shambani.

Makundi mapya yamekuja na uchaguzi bora zaidi. Emamektini benzoeti inatokana na bakteria wa udongo uliochotwa Japani, familia ileile ya dawa iliyowapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kutibu usubi na matende. Humpooza kiwavi: huacha kula ndani ya saa chache ingawa anaweza kuonekana hai kwa siku mbili tatu, na wakulima wengi humrudia muuza dawa wakidai wameuziwa feki. Spinosadi nayo ilitoka kwenye udongo uliookotwa mwaka 1982 kwenye kiwanda cha ramu kilichoachwa huko visiwa vya Karibiani. Klorantraniliproli hufungua akiba ya kalsiamu ndani ya misuli ya kiwavi hadi misuli ishindwe kukaza, na kwa binadamu na nyuki hatari yake ni ndogo ikilinganishwa na zile za zamani. Indoksakabu ina ujanja wake: si sumu kali hadi imezwe na kiwavi, ambaye tumbo lake ndilo linaloigeuza kuwa sumu. Dawa hizi zote hufanya kazi vizuri zaidi zikiliwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuwahi viwavi wakiwa bado wanakwangua majani.

Kwa upande mwingine, imidaklopridi na jamaa zake, zinazouzwa kwa wingi kwa ajili ya vidukari na nzi weupe, hazina maana kwa funza. Kuzipuliza kwenye dengu yenye funza ni kumwaga maji yenye bei.

Kuna pia zile ambazo si kemikali za viwandani. Bakteria Bt hutoa protini inayotoboa utumbo wa kiwavi mdogo. Mwarobaini humharibia hamu ya kula na kujivua ngozi. Cha kushangaza kuliko vyote ni kirusi cha funza mwenyewe, kinachotumika sana India, ambako vikundi vya vijijini vilifundishwa kukizalisha kwa kusaga viwavi waliougua. Kiwavi aliyekimeza hupanda hadi kileleni mwa mmea, hujishika kwa miguu ya nyuma, huning'inia kichwa chini na kufa, kisha ngozi hupasuka na kudondosha uji uliojaa virusi juu ya majani ya chini ambako wenzake wanakula. Hakimgusi binadamu wala nyuki. Udhaifu wake ni jua, ndiyo maana hupulizwa jioni kikiwa kimechanganywa na sukari guru.

Hapa tindikali ya dengu inarudi, safari hii upande wa adui. Majimaji ya jani hupunguza nguvu ya kirusi hicho. Vinyigu wadogo kuliko punje ya mchanga, ambao kwenye mazao mengine hutaga ndani ya mayai ya nondo na kuyamaliza, kwenye dengu hunasa na kukimbia. Ulinzi uliowafukuza wadudu wengine umewafukuza pia maadui wa funza. Wanaobaki ni nyigu wachache wanaotaga ndani ya viwavi wachanga, na ndege. Mlamba na yangeyange ni wawindaji hodari wa viwavi, na vijiti vyenye umbo la herufi T vilivyochomekwa shambani huwapa pa kutua. Asidi ya oksaliki nayo inapokuwa nyingi hupunguza kasi ya funza kukua, na watafiti wa ICRISAT, kituo cha kimataifa kilichopo karibu na Hyderabad, wamezipata mbegu chache zenye hali hiyo. Hakuna hata moja iliyomfukuza kabisa.

Usugu

Funza wa vitumba ni miongoni mwa wadudu wenye historia ndefu ya kuzishinda dawa. Pairethroidi zilipoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970 zilionekana kumaliza mjadala. Januari 1983, huko Emerald katika jimbo la Queensland nchini Australia, zilipulizwa na funza wakaendelea kula. Mwaka 1987 yaliwakuta wakulima wa pamba wa Andhra Pradesh nchini India: walipuliza, wakarudia, wakachanganya dawa mbili na tatu, wakakopa ili wapulize tena, na mavuno yakapotea. Wapo waliojiua kwa madeni. Katika miaka ya 1990 usugu huohuo ulithibitishwa Afrika Magharibi. Mwaka 2012 wanasayansi waligundua kwamba baadhi ya funza wa Australia wana jeni iliyotokana na jeni mbili kuunganika, na kimeng'enya kinachotokana nayo huisafisha pairethroidi mwilini kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu.

Australia ilijibu kwa kalenda: mwaka hugawanywa vipindi, na kila kundi la dawa lina kipindi chake, ili kizazi kimoja cha funza kisikutane na sumu iliyompiga mzazi wake. Kwa mkulima wa Kwimba mwenye ekari tatu kanuni hiyo inageuka kuwa jambo moja la kusoma kwenye lebo. Kila kundi lina namba ya kimataifa: pairethroidi ni 3A, oganofosfeti 1B, spinosadi 5, emamektini 6, indoksakabu 22A, klorantraniliproli 28. Chupa mbili zenye majina tofauti na namba moja ni dawa moja. Kubadilisha jina la dukani bila kubadilisha namba hakubadilishi chochote, na ndilo badiliko linalofanyika mara nyingi. Katika mbuga zenye pamba suala hili ni zito zaidi, kwa sababu funza anayeingia kwenye dengu huenda ametoka kwenye pamba iliyopulizwa pairethroidi mara kadhaa msimu huohuo. Dawa ya pamba iliyobaki ndani ndiyo inayokuwa karibu na mkono, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kushindwa.

Bomba, maji na upepo

Dengu nyingi huhitaji kupulizwa mara moja au mbili. Ya kwanza ni pale nusu ya mimea inapochanua na ukaguzi umeonyesha viwavi wadogo. Ya pili, kama hesabu bado inadai, siku 15 baadaye na kwa kundi jingine la dawa.

Kipimo huharibika mara nyingi kuliko dawa. Lebo husema kiasi kwa ekari au hekta, ilhali mpulizaji hupima kwa kizibo. Njia ya kuondokana na kubahatisha ni kupima eneo la mita 10 kwa 10, kupuliza maji matupu kwa mwendo wa kawaida, kisha kuona yametumika lita ngapi. Ekari moja ni takriban mara 40 ya eneo hilo. Zikitumika lita tatu, ekari itataka lita 120, sawa na mabomba sita ya lita 20. Ikiwa lebo inasema mililita 120 kwa ekari, kila bomba linachukua mililita 20. Mwenye miguu mirefu na mwenye mwendo wa taratibu hawapati jibu moja, hivyo kila mpulizaji hupimwa mwenyewe. Maji ya lambo yenye tope hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa na huziba nozeli. Nozeli iliyoziba huzibuliwa kwa maji au kwa unyasi. Haipulizwi kwa mdomo, ingawa ndivyo inavyofanywa karibu kila mahali.

Jioni ndiyo wakati mwafaka. Upepo umetulia, jua haliunguzi dawa, viwavi wanatoka kula, na nyuki wamerudi mizingani. Dengu hujichavusha yenyewe kabla ua halijafunguka na haiwategemei nyuki, lakini nyuki huitembelea, na Tabora ni mkoa wa asali. Spinosadi na indoksakabu huwaua zikiwa mbichi. Zikikauka juu ya jani usiku kucha hatari hupungua sana.

Mkanda wa rangi chini ya lebo huonyesha ukali wa sumu kwa binadamu: nyekundu ni kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, buluu na kijani. Glovu za mpira, buti, nguo ya mikono mirefu na kitu cha kufunika pua na macho ni vya lazima zaidi wakati wa kuchanganya kuliko wa kupuliza, maana hapo dawa bado haijazimuliwa. Aliyepata sumu ya oganofosfeti hutokwa jasho na mate, mboni zake husinyaa, huona ukungu na kubanwa na kifua. Huondolewa shambani, huvuliwa nguo, huoshwa kwa maji na sabuni, kisha hupelekwa hospitali pamoja na chupa au lebo yake, kwa kuwa daktari hutibu kulingana na kundi la dawa. Kumtapisha kunaweza kumdhuru zaidi. Chupa tupu husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa kwenye bomba, kisha hutobolewa ili isije ikawa ya mafuta ya taa au ya maziwa.

Usajili wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Lebo isiyo na namba ya usajili, isiyo na Kiswahili, au ya dawa iliyopimwa kutoka kwenye dumu na kumiminwa kwenye chupa ya soda, haina wa kuulizwa ikishindwa. Lebo hutaja pia siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Siku hizo zina uzito wa kibiashara: Umoja wa Ulaya, kwa dawa isiyowekewa kiwango maalumu, hauruhusu zaidi ya miligramu 0.01 kwa kilo ya punje.

Ghalani

Funza haingii ghalani, lakini fukusi wa jamii ya Callosobruchus huingia, na pengine huanzia shambani maganda yakikauka. Jike hugandisha yai juu ya punje, nukta nyeupe inayoonekana kwa macho. Kiwavi hutoboa kuelekea ndani na kuishi humo bila kuonekana, na baada ya wiki nne hivi mdudu kamili hutoka kwa tundu la duara. Mdudu huyo mzima hali dengu. Kazi yake ni kutaga tu. Dawa za unga zilizosajiliwa kwa nafaka na mikunde humuua aliye nje ya punje na hazimfikii aliye ndani, hivyo huchanganywa mapema, kabla nukta hazijaonekana. Vidonge vya kufukiza vya fosfini humfikia hadi ndani, lakini gesi yake huua watu na haina nafasi kwenye nyumba inayolaliwa.

Kwa dengu ya kuliwa na ya mbegu, mifuko isiyopitisha hewa imepunguza haja ya dawa. Ndani ya kiroba kuna mifuko miwili ya nailoni. Kila mmoja hufungwa peke yake, hewa ikiwa imekamuliwa, na fukusi waliomo humaliza oksijeni na kufa. Punje lazima ziwe kavu. Kipimo cha nyumbani ni chupa ya kioo iliyokauka, kiganja cha dengu na chumvi kavu kidogo: vikitikiswa pamoja na chumvi ikaganda kwenye kioo, dengu inarudishwa kwenye turubai juani, chumvi ikianguka chini yote, mfuko unafungwa. Wa mbegu haufunguliwi tena hadi mvua zinapoanza kupungua na majaruba kukauka, ng'ombe wa jembe wakirudi mbugani.